NZI WA ZEITUNI NA MAADUI WAKE WA MSITUNI

Mzeituni umelimwa katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania kwa maelfu ya miaka, wala hakuna mdudu ambaye wakulima wa huko wamwogopa kama nzi mdogo wa zeituni. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki ni watu wachache waliopata kumtazama nzi huyu, lakini yupo. Hukaa katika misitu mikavu ya nchi za juu, ndani ya matunda madogo meusi ya mzeituni wa mwitu, yaani mti ule ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu na Wamasai oloirien. Mti huu watu waujua kwa makaa yake mazuri na nguzo zake ngumu, na Wamasai huchukua kijinga chake cha moto na kusugulia ndani ya vibuyu vya maziwa. Tunda lake halina bei sokoni, na kwa hiyo si wengi waliojali kama limo funza au halimo.

Makusudi ya karatasi hii ni kueleza maisha ya nzi huyu, na njia ambazo mkulima aweza kumpunguza, na sababu iliyowaleta wataalamu wa nchi za mbali mpaka msitu wa Burguret, chini ya Mlima Kenya, kutafuta nyigu aliye mfupi kuliko punje ya mchele. Mambo haya matatu hayatengani. Mkulima anyunyizaye dawa pasipo kujua mdudu yuko wapi wakati ule hupoteza fedha yake. Tena huenda akawaua rafiki zake na kumwacha adui salama ndani ya tunda.

NZI MWENYEWE

Wataalamu humwita Bactrocera oleae. Katika vitabu vya zamani jina lake ni Dacus oleae. Urefu wake ni milimita 4 hata 5, naye ni mdogo kuliko nzi wa nyumbani. Kichwa chake ni cha rangi ya manjano, macho yake mekundu, na mgongo wake wa kijivu una michirizi myeusi. Mabawa yake ni maangavu kama kioo, ila kwenye ncha ya kila bawa pana doa dogo jeusi. Doa hilo lafaa kukumbukwa, kwa maana ndilo limtengalo upesi na nzi wengine wa matunda, ambao mabawa yao yana michirizi mirefu.

Funza wa nzi huyu hali kitu kingine ila tunda la mzeituni, wa shamba au wa mwitu. Aonaye funza katika embe lake au pera lake asimlaumu huyu. Hao ni jamaa zake, nao wastahili karatasi yao wenyewe. Nzi mzima hali tunda. Huramba utamu utokao kwa vidukari na wadudu magamba, na maji ya maua, hata mavi ya ndege, kwa sababu jike hawezi kupevusha mayai mengi asipopata protini. Tamaa hii ya protini ndiyo mlango wa kumkamatia, kama itakavyoelezwa mbele.

Dume na jike hukutana jioni, jua likaribiapo kuchwa. Katika nzi wengi wa matunda dume ndiye atoaye harufu ya kumwita jike, lakini katika jamii hii jike humwita dume, na harufu yake kubwa ilitambuliwa na wataalamu wa kemia mwaka 1980. Tangu hapo imewezekana kutengeneza harufu hiyo viwandani na kuitia katika mitego.

Jike akiisha kupandwa hutafuta zeituni iliyoanza kunenepa na kokwa yake kuanza kuwa ngumu. Hutoboa ngozi kwa mwiba wa kutagia ulio nyuma ya tumbo lake, akaweka yai moja tu chini ya ngozi. Kisha hufyonza maji yatokayo katika tundu lile na kuyapaka juu ya tunda. Hii ni alama yake ya kuwaambia majike wengine kwamba nyumba ina mwenyewe, nao wakiisha kuinusa aghalabu huenda kutafuta tunda lingine. Hivyo jike mmoja, atagaye mayai 50 hata 400 katika maisha yake, hula hasara ya matunda karibu sawa na hesabu ya mayai yake. Mkulima atambue ubaya wa jambo hili: kama jike angetaga mayai yake yote katika zeituni kumi, nzi huyu asingekuwa na sifa aliyo nayo.

Wakati wa joto yai huanguliwa kwa siku 2 au 3. Funza, ambaye ni mweupe na hana miguu, huchimba njia katika nyama ya tunda mpaka karibu na kokwa, naye hula kwa muda wa siku 20 hivi. Akiisha kukua hujifunga katika ganda la rangi ya hudhurungi, na umbo lake wakati huo lafanana na punje ndogo ya nafaka. Wataalamu huliita pupa. Msimu wa joto hujifunga ndani ya tunda lenyewe, na baada ya siku 8 hata 10 nzi mpya hutoka. Lakini majira ya baridi yakikaribia, funza hutoboa tunda, akaanguka chini na kujifunga katika udongo, naye aweza kukaa humo miezi 4. Kwa hiyo katika nchi za Mediterania yuko mahali pawili: juu ya mti wakati wa kiangazi, na chini ya mti wakati wa baridi. Kizazi kizima, toka yai mpaka nzi, chaweza kutimia kwa siku 30 hata 35 hali ikiwa njema, na katika mwaka vizazi huwa 3 au 4, pengine zaidi.

Joto kali si rafiki yake. Likifikia sentigredi 38 hivi, nzi wazima huwa hoi, na wale wasiopata maji na chakula hufa. Hata funza walio ndani ya matunda hupungua. Ndiyo maana shamba la bonde kavu la bara hupata nafuu katikati ya kiangazi, lakini shamba lililo karibu na bahari, kwenye ubaridi na unyevu, halipati nafuu hiyo.

VIJIDUDU ANAVYORITHI KWA MAMA

Zeituni mbichi ni chungu mno. Uchungu huo ni ngao ya tunda, kwa kuwa dawa iliyo ndani yake huiharibu protini ya chakula hata mdudu alaye asipate nguvu yake. Wadudu wengine hushindwa, huyu hashindwi. Kwa sababu gani?

Mwaka 1909 mtaalamu wa Italia, Lionello Petri, aliandika habari za vijidudu alivyoviona vimejaa katika mfuko mdogo ulio kichwani mwa nzi huyu, na tena katika tumbo la funza wake. Watu walibishana juu ya kazi yao kwa karibu miaka mia. Mwaka 2005 kijidudu hicho kilipewa jina, Erwinia dacicola, nacho ni aina ya bakteria. Mama hukipaka juu ya yai linapotoka, na funza akitoka katika yai huwa amekwisha kukirithi. Kisha mwaka 2015 wataalamu wa Israeli walionyesha kwa majaribio ya kwamba funza aliyenyimwa kijidudu hiki hawezi kukua katika zeituni mbichi, lakini katika zeituni nyeusi iliyoiva, ambayo uchungu wake umepungua, aweza kukua.

Msomaji aweza kuuliza faida ya elimu hii kwa mtu mwenye miti hamsini. Faida yake ni kwamba nzi huyu ana sehemu dhaifu ambayo haikujulikana zamani. Dawa za shaba, ambazo wakulima wa mizeituni hunyunyiza kwa ajili ya magonjwa ya kuvu, huua bakteria pia, na katika mashamba mengine zimeonekana kupunguza funza. Si dawa ya kutegemewa peke yake, wala shaba isimwagwe ovyo, kwa maana hubaki katika udongo miaka mingi. Lakini wataalamu wanaendelea kuichunguza njia hii, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kutazamwa kuliko nyingine nyingi zinazosifiwa.

HASARA YENYEWE

Zeituni ya kuliwa mezani ikiwa na tundu moja tu la funza haifai kuuzwa, na wanunuzi hukataa mzigo mzima kwa ajili ya matunda machache. Zeituni ya kukamuliwa mafuta huvumiliwa zaidi. Walakini funza akiisha kutoboa, kuvu na bakteria huingia, tunda huoza au huanguka kabla ya wakati wake, na asidi ya mafuta huongezeka. Mafuta ya daraja la juu kabisa hayaruhusiwi kupita asidi ya sehemu 0.8 katika 100. Mkulima aliyechelewa huona mafuta yake yakishushwa daraja, na fedha yake nayo.

MAADUI WAKE

Mwanzoni mwa karne ya 20 Antonio Berlese wa Italia alifundisha watu kuchanganya molasi na sumu ya arseniki na kuinyunyiza juu ya miti, ili nzi wavutwe na utamu, wale na kufa. Wazo lilikuwa jema, na mpaka leo ndilo shina la njia nyingi. Lakini sumu ilikuwa ya kutisha. Wengine walifikiri kwa namna nyingine. Waliona kwamba mdudu ambaye ni msiba katika nchi moja, katika nchi nyingine ni mdudu tu, na wakauliza ni nani amzuiaye huko.

Mwaka 1910 nyigu mdogo aitwaye Psyttalia concolor aligunduliwa huko Tunisia akiishi kwa kumla funza wa zeituni. Mtaalamu mwingine wa Italia, Filippo Silvestri wa chuo cha Portici karibu na Napoli, alisafiri mpaka Eritrea kutafuta nyigu wa namna hiyo katika mizeituni ya mwitu, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1914. Baadaye nyigu wa Tunisia alizalishwa kwa wingi katika maabara na kuachiliwa katika Italia, Ufaransa na Ugiriki. Matokeo hayakuwa sawasawa na gharama. Mahali pengi nyigu hawakudumu, ikawa lazima kuwaachilia tena na tena.

Basi kazi hiyo ilipoa, mpaka mwaka 1998, nzi wa zeituni alipoonekana kwa mara ya kwanza katika California, karibu na Los Angeles. Kwa miaka michache tu akawa ameenea katika jimbo lile, ambalo ndilo lilimalo zeituni nyingi kuliko yote ya Marekani. Hapo watu wa California walikumbuka njia ya Silvestri, wakageukia Afrika, kwa kuwa uchunguzi wa nasaba za nzi huyu waonyesha kwamba asili yake yaelekea kuwa ni bara letu. Wakishirikiana na wataalamu wa kituo cha icipe cha Nairobi, waliokota matunda ya mzeituni wa mwitu katika msitu wa Burguret, wakayaweka katika vyombo na kungoja. Katika matunda hayo walitoka nzi, na pamoja nao nyigu wa aina kadha.

Aliyependwa kuliko wote ni Psyttalia lounsburyi. Huyu karibu hana kazi nyingine duniani ila kumtafuta nzi wa zeituni. Jike lake hutembea juu ya tunda, akiisha kumtambua funza aliye ndani huchoma mwiba wake katika nyama ya tunda mpaka umfikie, akataga yai katika mwili wake. Funza haendi kufa mara moja. Huendelea kula na kukua, akajifunga katika ganda lake kama kawaida. Ndipo mtoto wa nyigu amla, na mahali pa nzi hutoka nyigu.

Nyigu mwingine wa misitu yetu, Bracon celer, alikataliwa, nami naona walifanya vema. Katika majaribio yaliyofanywa ndani ya nyumba zilizofungwa ilionekana kwamba aweza kushambulia hata nzi wengine ambao ni wenye faida, waliokusudiwa kupunguza magugu. Mgeni akiisha kuachiliwa harudishwi, kwa hiyo ni lazima kumhoji mlangoni.

Psyttalia lounsburyi aliachiliwa katika California baada ya miaka ya kuchunguzwa, na katika sehemu za pwani amepatikana tena miaka baada ya kuachiliwa, yaani amepata makao. Hata hivyo hakummaliza nzi, na sababu yake ni ya kustaajabisha. Tunda la mzeituni wa mwitu lina nyama kidogo tu juu ya kokwa. Funza hana mahali pa kujificha. Popote alipo, mwiba wa nyigu humfikia. Lakini mwanadamu, kwa kuchagua mbegu miaka maelfu, ameunenepesha mzeituni wa shamba. Funza huzama katika nyama hiyo nene, na mwiba mfupi wa nyigu huishia njiani. Tulipojiongezea mafuta, tulimjengea nzi ngome. Kwa hiyo nyigu ni msaidizi wa mkulima, wala hawezi kuchukua mahali pa mkulima. Hufaa zaidi katika matunda madogo, na katika miti ya barabarani na ya bustani ambayo hakuna aitunzaye.

KUPIGANA NAYE SHAMBANI

Apandaye mizeituni ya shamba katika nchi zetu za juu, karibu na msitu wenye mutamaiyu, na ajue kwamba nzi yuko tayari jirani yake. Mtu wa namna hii huweza kushawishika kuikata miti ya mwitu ili kuondoa mbegu ya adui. Asifanye hivyo. Nzi huyu huweza kuruka kama kilomita 4 akitafuta matunda, na hakuna ajuaye kufyeka msitu mpana hivyo kwa faida ya shamba moja. Tena pamoja na miti huondoka nyigu, ambao hawana makao mengine. Miti hii hukua polepole sana, nayo imekwisha kupungua mahali pengi kwa ajili ya makaa.

Kwanza mtego. Wakulima wa Hispania hutumia chupa tupu ya plastiki ya lita moja na nusu. Upande wa juu hutobolewa matundu machache ya milimita 5, na ndani hutiwa maji yenye fosfati ya diamonia, ambayo ndiyo mbolea ile ile tuijuayo kwa jina la DAP, gramu 40 kwa kila lita. Harufu ya amonia huwavuta nzi wenye njaa ya protini. Huingia, wasijue kutoka, wakafa majini. Chupa hutundikwa ndani ya kivuli cha mti, upande usiopigwa na jua kali, na maji huongezwa yakipungua. Mitego michache humwarifu mkulima kwamba nzi wamefika. Mitego mingi, karibu mmoja kwa kila mti, huwapunguza hasa.

Pili chambo cha sumu. Haifai kuulowesha mti mzima. Dawa iliyochanganywa na protini hupigwa kwa matone makubwa upande mmoja wa mti, au mti mmoja ukarukwa na wa pili ukapigwa, na nzi huja wenyewe kuitafuta. Hivyo dawa itumikayo ni kidogo, na nyigu wengi husalimika, kwa kuwa hawakifuati chambo hicho kama nzi. Siku hizi hutumika sana spinosadi, ambayo hutokana na bakteria wa udongoni. Dimethoeti, iliyotegemewa miaka mingi kwa sababu huingia ndani ya tunda na kumuua funza, Umoja wa Ulaya ulikataa mwaka 2019 kuiruhusu tena. Nzi wa Ugiriki walikuwa wamekwisha kupata usugu juu ya dawa za jamii hiyo, na katika California dalili za usugu juu ya spinosadi zimeonekana pia. Dawa moja isirudiwe msimu baada ya msimu.

Wako wanyunyizao udongo mweupe wa kaolini uliosagwa kama unga na kukorogwa katika maji. Tunda lililopakwa weupe huo jike halitambui vema wala hapendi kutua juu yake. Mvua ikinyesha kazi hurudiwa. Katika Ugiriki ilijaribiwa pia, miaka ya 1970, kuachilia madume waliotiwa utasa kwa mionzi, ili majike wapandwe bure. Lakini madume waliolelewa katika maabara walizoea kupanda mapema kuliko wale wa mwitu wangojao magharibi, na majike wengi hawakudanganyika.

Kabla ya kuamua jambo lolote, mkulima na achume zeituni 100 kutoka miti mbalimbali, juu na chini, upande wa jua na wa kivuli, azikate kwa kisu, na kuhesabu zenye funza hai, zenye njia tupu, na zenye maganda ya pupa. Kama funza hai ni wengi na tunda limekwisha kuwa na mafuta ya kutosha, dawa haifai tena. Achume mara moja na kukamua siku ile ile au ya pili yake. Mafuta ya zeituni iliyochumwa mapema ni machache kidogo, lakini ni safi, na funza wote huangamia katika kinu kabla hawajafika udongoni.

Mavuno yakiisha, isibaki zeituni hata moja juu ya mti. Zile chache zilizosahauliwa ndizo zinazomlisha nzi mpaka msimu mwingine. Zilizoanguka zizolewe kila juma, wala zisitupwe katika lundo la mbolea kando ya shamba, kwa maana humo nzi hutoka kwa raha zao. Zifukiwe katika shimo, udongo ulio juu yake usipungue sentimita 10 na ushindiliwe kwa miguu, au zilishwe nguruwe na kuku siku ile ile.